Tarehe ya Kweli ya Evstati Karajov

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi wenzake wa jukwaani mliokuja na basi tangu alfajiri: familia inawaomba mkae vizuri. Wasifu huu ni mrefu kidogo, na una jambo ambalo wengi wenu hamjalisikia. Sisi wa nyumbani tumebishana juu yake tangu juzi. Wapo waliosema lizikwe naye. Mjane amesema lisomwe, na katika msiba huu neno la mwisho ni lake.

Evstati Nikiforov Karajov alizaliwa hapa Stari Brod siku ya Ijumaa, tarehe 14 Februari 1936. Mnatazamana, na mna haki. Matangazo ya msiba yaliyobandikwa kwenye milango na nguzo za umeme mji mzima yanasema 1938. Aliyeyachapa hakukosea, alinakili kitambulisho. Kitambulisho ndicho kilichokuwa kinadanganya. Siku hiyo ya mwaka 1936 baba yake, Mzee Nikifor, alikuwa ameamkia shambani na chupa ya divai, kama wenye mizabibu wote wanavyofanya siku ya kuipogolea. Alirudi adhuhuri, mkasi ukiwa bado mshipini, akakuta mkunga mlangoni anamwambia amepata dume. Divai iliyobaki aliimwaga yote kizingitini. Mkewe, Bi Gergina, alimsimulia kila mtu habari hiyo mpaka alipokatazwa kuisimulia.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa hapa, akamaliza mwaka 1954. Alifanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha sukari na miaka miwili jeshini. Mwaka 1958 alitaka kwenda Sofia kusomea uigizaji, lakini chuo mwaka ule hakikupokea mtu aliyezidi miaka ishirini na moja. Mama yake akamchukua hadi ofisi ya mji, kwa binamu yake Hristofor, karani wa vizazi na vifo.

"Wanataka miaka mingapi?" Hristofor akauliza.

"Isizidi ishirini na moja, mjomba."

"Na wewe?"

"Ishirini na mbili."

"Basi uliwahi mno kuzaliwa, mwanangu. Ngoja tukurekebishe."

Akachovya kalamu, akainama. Sita ikawa nane kwa mkunjo mmoja. "Haya, nimekupunguzia miwili," akasema. "Gergina, funga mdomo wako, la sivyo tutakwenda jela kwa foleni."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikwenda miaka hamsini na mmoja, na imefika leo asubuhi mbele yenu.

Siku ya kwanza chuoni alipangiwa kitanda jirani na kijana wa Vratsa, mrefu, mwenye mdomo mwepesi, aitwaye Manol Tserovski. Manol alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1937. Kwa ukweli, Evstati alimzidi karibu miezi ishirini. Kwa karatasi, Manol ndiye aliyemzidi Evstati miezi minne. Manol alichungulia fomu ya mwenzake akapiga kelele bwenini: "Kumbe nimepata mdogo! Haya, dogo, kalete maji." Evstati alicheka, akaenda kuleta maji. Angefanya nini? Tangu siku hiyo jina likawa dogo, na hapakuwa na watu wawili waliopendana kama wale.

Walihitimu mwaka 1962, wote wawili wakapangiwa ukumbi huu wa michezo tulimoketi. Walitumia chumba kimoja cha kuvalia, kioo kimoja na jiko moja la mkaa. Evstati ameigiza humu michezo mia moja na arobaini na mmoja. Maneno yake aliyajifunzia kwenye shamba la baba yake, akipogolea: ukurasa mmoja kwa mstari mmoja wa mizabibu, na akikosea anarudi mwanzo wa mstari. Majirani walimzoea. Siku moja Bi Stamena wa shamba la pili alimkuta amepiga magoti mbele ya mzabibu, anaulilia usimwache. Alimpelekea Bi Gergina habari kwamba mwanawe anahitaji mke, tena upesi.

Mke alipatikana. Zdravka alikuwa mshonaji wa mavazi ya jukwaani, na alimpimia Evstati makoti miaka miwili kabla mmoja wao hajathubutu kusema jambo. Walioana tarehe 19 Septemba 1964. Manol alipiga kodiani mpaka vidole vikatoka damu. Usiku wa kuamkia harusi, Evstati alimweleza mchumba wake umri wake wa kweli, akamwapisha asimwambie mtu. Wakati ule kughushi cheti hakukuwa jambo la kuchekelea. Angepoteza shahada, kazi, na pengine uhuru. Zdravka aliapa. Binti yao Kalina alipozaliwa mwaka 1966, aliapishwa upya, safari hii kwa kichwa cha mtoto.

Sasa tuje kwenye lile ambalo wazee wa mji huu wanalijua nusu tu.

Mwaka 1973 Evstati alipata nafasi kuu katika filamu ya Mlinda Reli wa Kilomita ya Tisini. Karibu kila picha yumo. Filamu za siku zile zilipigwa picha kwanza, kisha mwigizaji aliitwa studio ajitazame kwenye pazia na kurekodi maneno yake. Kabla ya kuitwa, kukaitishwa mkutano wa waigizaji. Mwalimu wake wa zamani, ambaye alikuwa ameandika jambo lisilowapendeza wakubwa, alikuwa anafukuzwa, na kila aliyemo alitakiwa kunyoosha mkono kuafiki. Mikono sitini ikaenda juu. Wa Evstati ulibaki gotini.

"Komredi Karajov, bega linakuuma?" mwenyekiti akauliza.

"Bega langu zima," Evstati akasema.

Kumwondoa kwenye filamu hakukuwezekana, maana uso wake ulikuwa kila mahali. Basi wakaamua kumwondoa sauti. Wakamtafuta mtu anayeweza kusema kama yeye, na mtu huyo hakuwa wa kutafutwa sana. Manol alikuwa anamwiga Evstati kila siku kwenye chumba cha kuvalia, na kikohozi chake juu. Aliaga kwamba anakwenda Sofia kung'oa jino. Alikaa siku tatu, akarudi na meno yake yote.

Filamu ilioneshwa hapa mjini Ijumaa, tarehe 8 Februari 1974. Evstati aliketi katikati ya mama yake na mke wake, amevaa suti ya harusi. Taa zikazimwa. Mdomo wake ukafunguka kwenye pazia, ikatoka sauti ya Manol. Watu hawakugundua, maana Manol ni fundi. Bi Gergina peke yake ndiye aliyemwinamia akamnong'oneza: "Mwanangu, siku ile ulikuwa na mafua?" Zdravka alimshika mkono, akaukuta wa baridi. Evstati hakutoka ukumbini. Alijisikiliza kwa saa moja na dakika arobaini akisema kwa sauti ya rafiki yake.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, tarehe 16, walikuwa na mchezo wa kuchekesha ambamo Evstati anampiga Manol kofi. Kofi la jukwaani lina ufundi wake: mkono unapita kando ya shavu, na anayepigwa ndiye anayegonga viganja kutoa mlio. Jioni ile Manol hakupata nafasi ya kugonga viganja. Watu mia nne walicheka na kushangilia. Manol aliyumba, akasimama, akamaliza mchezo akiwa hasikii nusu ya anayoambiwa. Ngoma ya sikio lake la kushoto ilikuwa imepasuka na halijasikia tena mpaka leo. Kola ya shati lake iliingia damu, na aliyeifua kwa maji baridi na chumvi ni Zdravka.

Hatutaki kumpamba marehemu. Alikosewa vibaya, naye akakosa vibaya. Alijua hivyo kabla mkono wake haujashuka.

Siku nane baadaye ilikuwa Jumapili ya Msamaha. Desturi yetu mnaijua: mdogo humwendea mkubwa, humbusu mkono na kusema nisamehe, mkubwa hujibu, Mungu akusamehe, nami nimekusamehe. Mkubwa haendi kwa mdogo. Hukaa nyumbani na halua nyeupe mezani, akasikiliza mlango. Basi Evstati, mkubwa kwa ukweli, alikaa. Na mitaa minne kutoka kwake Manol, mkubwa kwa karatasi, naye alikaa. Kila mmoja alikuwa na hatia yake mkononi, tayari kuisema mwenzake akishafika. Hakuna aliyefika.

Asubuhi yake Zdravka alikutana na Elisaveta, mke wa Manol, kwenye duka la mikate.

"Wa kwako alikaa?" Elisaveta akauliza.

"Alikaa mpaka halua ikakauka. Na wa kwako?"

"Naye vivyo hivyo. Lakini shoga, kwani mdogo si ndiye huenda? Mwambie mumeo hajafika umri wa kukaa kitako akingoja watu."

"Nitamwambia," Zdravka akasema, akachukua mkate wake akaondoka. Jibu alikuwa nalo, lakini alikuwa ameapa kwa kichwa cha Kalina. Mazungumzo hayo yalirudiwa kila mwaka, penye duka lile lile, mpaka Elisaveta alipofariki mwaka 2003.

Hapo katikati waliendelea kuigiza pamoja. Fahari wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikaa miaka ishirini na minne, na nje ya maneno yaliyoandikwa hawakupeana hata salamu. Chumba kikagawanywa kwa pazia, kioo kikabaki upande wa Manol. Lakini yapo mambo ambayo waongozaji wa michezo wanayakumbuka. Evstati alikataa kabisa kusimama kushoto kwa Manol. Akiambiwa asimame kushoto, anakwenda kulia. Akikemewa, anasema amesahau, na kesho anakwenda kulia tena. Mwaka 1979 alikatwa mshahara kwa ukaidi huo. Hakueleza sababu, na Manol hakuuliza. Kila neno aliloambiwa na Evstati jukwaani tangu usiku ule wa kofi, Manol alilisikia.

Filamu zilimkataa kwa miaka minane. Kuanzia 1982 alianza kuitwa tena, kwanza polisi, halafu daktari, mara mbili maiti. Jumla alicheza filamu ishirini na tatu. Alistaafu mwaka 1998, karatasi zikisema ana miaka sitini. Alikuwa na sitini na miwili, amewatumikia miaka miwili ya ziada na hana pa kulalamikia. Hilo lilimchekesha. Lile la Jumapili ya Msamaha halikumchekesha hata siku moja.

Serikali ya makomredi ilipoanguka, hata kabla hajastaafu, Zdravka alimsihi. "Sasa hakuna wa kukufunga. Nenda kamwambie una umri gani, yaishe."

"Aliyewapa sauti yangu nimpe na umri wangu?"

"Hao hawapo tena, Evstati!"

"Na nikimwambia, nimwambie nini? Kwamba aliniita dogo maisha yote, nikaitika? Atanicheka hadi kaburini."

"Bora akucheke kuliko mfe hivi."

Hakwenda. Jumapili za Msamaha thelathini na tano alikaa kwenye kiti kile kile, halua mbele yake, akisikiliza mlango. Mwishoni alikuwa hata hakasiriki. Alikuwa anangoja tu, na kumtazama kulimuumiza kila aliyeingia nyumba ile.

Septemba mwaka jana alianza kukohoa. Daktari alimpiga picha ya mapafu, akamwita Zdravka pembeni. Evstati aliwaambia waache kunong'ona, yeye amefanya kazi na wanong'onezaji wa maneno jukwaani miaka thelathini na sita na anasikia kila kitu. Alipewa miezi sita. Kufikia Februari hakuweza kutoka chumbani hadi jikoni bila mtungi wa hewa.

Jumapili iliyopita, tarehe 1 Machi, ilikuwa Jumapili ya Msamaha. Baada ya chakula cha mchana alisema, "Zdravka, nivalishe suti."

"Unamtegemea mtu?"

"Simtegemei mtu. Naenda mimi."

Zdravka alisimama na sahani mkononi. "Unakwenda kama nani?"

"Kama dogo," akasema. "Anamngoja dogo. Nimpelekee."

Mkubwa ni jalala, ndivyo wasemavyo, lakini kuliona jalala lenyewe linafunga tai yake si jambo dogo. Mpwa wake, anayewasomea wasifu huu, aliendesha gari. Manol anakaa ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti. Ngazi ni hamsini na nne. Zdravka alimshika upande mmoja, mpwa wake upande wa pili na mtungi wa hewa begani. Alipumzika kila ngazi ya sita. Midomo ilimgeuka rangi. Katika ngazi ya arobaini Zdravka alilia, akamwomba warudi. Alitikisa kichwa.

Manol alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amevaa shati jeupe, amenyoa, na nyuma yake mezani kulikuwa na sahani ya halua haijaguswa. Ngazi zilikuwa zimemtoa Evstati akili. Alimwangukia mwenzake begani upande wa karibu, akasema jambo.

"Njoo huku," Manol akasema. "Sikio hilo halisikii. Unalijua."

Ilimbidi azunguke. Hatua tatu zile zilichukua muda mrefu kuliko ghorofa zote. Alifika upande wa kulia, akavuta pumzi, akasema kwa sauti yake, ile wasiyoisikia watu kwenye Mlinda Reli: "Nisamehe, kaka. Nilikupiga kweli."

Akainama, akambusu mkono. Mwenye miaka sabini na mitatu alimbusu mkono mwenye miaka sabini na mmoja. Manol aliutazama utosi wake.

"Mungu akusamehe," akasema. "Nami nimekusamehe, dogo."

Walikaa. Manol alikata halua, wakala vipande vidogo. Tulingoja neno moja tu, la studio, la zile siku tatu za jino. Halikuja. Haikuwa lazima lije, maana mkubwa hamwombi mdogo msamaha, na Manol alijiona mkubwa. Tulipoinuka alimfunga Evstati skafu kwa mikono yake. "Kaza vizuri, dogo," akasema, "nje kuna upepo."

Ndani ya gari Zdravka hakujizuia tena. "Umembusu mkono mtoto wa juzi! Turudi sasa hivi umwambie!"

"Nikimwambia leo, nitakuwa nilipanda ngazi kwenda kumdai. Sikwenda kudai, mke wangu. Nilikwenda kuomba."

"Basi ajue lini?"

"Nikishalala. Someni tarehe tu, ile ya kweli. Hesabu atapiga mwenyewe."

"Na akija?"

Alivuta hewa ya mtungi muda mrefu. "Akija, nijibie wewe," akasema. "Mwambie maneno yale yale ya siku zote. Nayasema kwa moyo mmoja, na wewe uyaseme hivyo."

Evstati Karajov alifariki nyumbani kwake siku ya Alhamisi, tarehe 5 Machi 2009, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Zdravka akimpashia maziwa moto. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu na siku kumi na tisa.

Ameacha mke, Zdravka, binti, Kalina, na mumewe Plamen, wajukuu wawili, Yasen na Neda, dada, Tsonka, na wapwa watatu. Ameacha pia mdogo wake mmoja, Manol Tserovski. Yupo nasi, safu ya mbele, kiti cha kwanza upande wa kushoto, na sikio lake la kulia limeelekea jukwaani.

Waliotaka wasifu huu usisomwe walisema utakuwa kofi la pili. Zdravka anasema sivyo, ni mlango. Kifuniko cha jeneza hakijawekwa. Yeye amesimama kichwani pa mumewe, na jibu la mumewe analo. Bwana Manol, ngazi za jukwaa hili ni nne tu. Makofi ambayo waigizaji hupigiwa wanapotolewa ukumbini yatangoja, na sisi wengine tutakaa kimya, hatuna haraka. Mungu amlaze kwa amani Evstati, mtoto wa Nikifor na Gergina, aliyezaliwa mwaka elfu moja mia tisa thelathini na sita.